Kiti cha Tatu A

Eduvigis, dada yangu, usitetemeke.
Kile kiti nakijua kuliko waliokilalia.
Mwaka wa kumi na tisa huu nakipangusa
hapa Santiago, saa tisa usiku,
milima ingali giza tupu nje ya dirisha
na Bwana Olegario mlangoni anahesabu dakika.

Hutapanga foleni. Mlango wako ni wa kushoto, wenye zulia.
Usiwaombe radhi unaowapita,
nyonga yako imeshasimama vya kutosha.
Mwanao Nahuel amelipa kwa pointi,
miaka sita ya kuuza viti vya madaktari wa meno
toka mji hadi mji. Huyo anajua viti.

Watakuuliza kama umekosea safu.
Watakuuliza, kwa uso huu wetu.
Onyesha karatasi. Usifungue mdomo.

Utavuliwa koti kama mtoto aliyetoka mvuani.
Usilifuate kwa macho, litarudi.
Utapewa glasi kabla hujaketi sawasawa,
ya kioo kweli: najua kwa sababu huvunjika,
na vipande hupenda kujificha zinapopita reli za kiti.
Kovu hili la kidole ni la Februari, kiti cha tano.

Vitufe ni vinane.
Chenye picha ya mtu aliyenyooka usikiogope,
kitakulaza polepole, kama daktari
anavyomlaza mgonjwa mwenye pesa.
Chenye mwezi sijui kinafanya nini.
Nimekibonyeza mara elfu nikifuta alama za vidole,
umeme umezimwa.

Samaki au nyama? Sema samaki.
Sahani za nyama hurudi zimejaa.
Chumvi huja katika kichupa cha kimo cha kidole gumba;
watu huiba. Wenye saa za dhahabu huiba.
Nawe chukua, sitasema.
Soksi utakazopewa, vaa.
Zile za nyumbani, usiniulize zilitoka wapi,
ni ndugu zake.

Na usidhani wanaolala pale hawalii.
Nimeokota mle hereni moja moja, jino la bandia,
barua ya talaka iliyokunjwa mara sita.
Mito ina madoa ya wanja.
Mara moja nilikuta kiatu cha mtoto mchanga,
kipya, na bei yake,
na orodha ya abiria haikuwa na mtoto.

Husemwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi, Edu, kunguni nawajua kwa majina.
Kitanda ndicho sikijui.
Sijui ndege inanukaje ikiwa na watu.
Sijui hii milima yetu, kwa juu, bado ni milima
au ni shuka tu ambalo mtu ameliacha bila kulitandika.
Sijui kama usingizi wa huko una uzito uleule
au nao una daraja lake.
Utaniambia. Usinidanganye kwa kunihurumia.

Asubuhi, juu ya Uhispania,
mkono wako utataka kukunja blanketi.
Nakujua. Utataka kupangusa meza kwa kiganja,
kukusanya makombo, kuulizia ndoo iko wapi.
Ukalie mkono huo.
Liache blanketi limekunjamana, lina joto lako.
Uwe mchafu kidogo, mara moja maishani, kama watu.

Madrid ataingia mwanamke nisiyemjua,
na glavu zake, na Olegario wake mlangoni.
Mwachie peremende kwenye kidroo. Ataelewa.

Mimi ndege itanifikia Alhamisi.
Ng'oa kifungo kimoja cha koti lako, kile kilicholegea,
kisukumie chini ya reli ya kushoto, ndani kabisa,
ambako ufagio wa Madrid haufiki.

Mkono wangu unafika.